Siku ya Kazi ya Masika Lamu: Kuianza, Kuipitisha na Kurudi Nyumbani

Aisifuye mvua imemnyea. Mimi imeninyea kila Mei kwa miaka 14, njiani kati ya kijiji cha Shela ninakokaa na karakana ya samani ya Langoni, mtaa wa mji wa Lamu, ninakoandika hesabu na kupokea oda. Nimeshafika kazini nimelowa chepechepe, nimeshasinzia juu ya meza saa nne asubuhi, na nimeshakaa kutwa nikitazama maji yakimwagika kwenye mlizamu bila kuandika hata mstari mmoja. Mwongozo huu nauandika kwa mtu aliye kwenye hali hiyo: kazi ipo, wingu limetanda, na moyo hautaki.

Masika kwetu huingia mwisho wa Machi. Kaskazi, upepo wa kaskazini-mashariki, hulegea, tanga mbili, majira ya upepo kugeuka, hupita, kisha kusi, upepo wa kusini, hushika, na mwezi wa Mei hunyesha kuliko mwezi mwingine wowote. Wageni huwa wameshaondoka. Nyumba nyingi za wageni hufunga milango, wavuvi hawatoki bahari kuu kila siku, na samaki hupanda bei. Karakana iliyokuwa na misumeno minne ikilia Januari hubaki na mmoja. Mvua yenyewe mtu huizoea. Kinachochosha ni kuamka asubuhi bila kujua siku hii imewekewa kazi gani. Ndiyo maana hatua ya kwanza hufanywa miezi minne kabla.

Daftari la mvua

Wakati wa kaskazi, wateja wakiwa wamejaa mlangoni na huna hata nafasi ya kunywa maji, nunua daftari dogo uliandike juu yake: Mvua. Liweke karibu. Kila utakapojisikia ukisema "hili nitalifanya baadaye", liandike humo siku hiyo hiyo. Usitegemee kukumbuka. Mei ikifika, kichwa huwa kizito na hakikumbuki lolote ila usingizi.

Daftari letu la mwaka huu lina mambo kama haya: kunoa patasi zote 30 na kubadilisha mipini mitatu iliyopasuka, kuchora upya kwenye karatasi ngumu mifano ya nakshi ambayo kalibu zake zimeliwa na mchwa, kuwapigia wateja watano wenye madeni, kupiga picha viti vilivyokwisha, kumfundisha kijana mwanafunzi kuchonga waridi kwenye kipande cha mbao kilichobaki, kazi ambayo Januari hakuna fundi mwenye subira nayo.

Kuna namna ya kuandika inayosaidia. Usiandike "kupanga stoo". Kazi isiyo na mpaka hutaigusa siku ya giza. Andika "kuhesabu mbao za mbambakofi zilizoegemezwa ukuta wa kulia". Iwe kazi inayokwisha kwa saa mbili au pungufu, ili adhuhuri ifike umeshaipiga mstari.

Halafu kila kazi itie alama moja kati ya tatu. S ni kazi inayotaka stima. M ni ya mkono, inafanyika hata stima ikipotea. W ni ya mwanya, yaani inataka ile nusu saa ambayo mvua hukatika: kupeleka kifurushi kwa mwenye boti, kuvuka kwa jirani, kuanika turubai. Alama hizi zimeniokolea siku nyingi. Stima ikizima mimi sikai nikiulizana na watu itarudi lini. Nafungua upande wa M. Mvua ikipusa sisiti, nashika kazi ya W na kutoka, maana mwanya wa Mei haungoji mtu avae viatu polepole.

Kama unasoma haya mvua imeshaanza na daftari huna, kaa leo usiku na mwenzako mmoja wa kazini mkumbushane mlichokuwa mkikiahirisha. Mkipata kumi yanatosha kuanzia.

Usiku wa kuamkia kazini

Chaji simu na betri ya akiba kabla ya kulala, kwani stima hupenda kupotea upepo ukivuma. Nguo za kubadilisha ziweke pamoja: shati, suruali au kikoi, na kitambaa kidogo cha kufutia miguu.

Karatasi zinataka uangalifu wa peke yake. Mwaka mmoja nilibeba daftari la hesabu ndani ya mkoba wa kitambaa, wimbi likaingia botini mbele ya Shela, na wino wa miezi mitatu ukaenea kama mawingu. Ilinichukua wiki mbili kuzikusanya risiti upya. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017, kwa hivyo natumia mkebe wa biskuti wa bati wenye kifuniko kinachobana. Daftari na kalamu ndani, mkebe ndani ya mkoba. Wenye kompyuta ya mkononi waitafutie mfuko wa turubai unaokunjwa mdomo mara tatu, ule wanaotumia wapiga mbizi.

La mwisho kabla ya kulala ni kujua maji ya bahari yatakuwaje kesho. Tazama tarehe ya mwezi mwandamo. Mwezi ukiwa mpya au umejaa, na siku mbili tatu baada yake, huwa ni bamvua: maji hujaa sana na kutoka sana. Kwetu hujaa alfajiri na tena alasiri, kati ya saa kumi na saa kumi na moja, na hutoka saa nne au tano asubuhi. Kila siku hukawia kama dakika 50. Ikifika tarehe 8 au 22 ya mwezi mwandamo ni maji mafu, na saa zimegeuka: yanajaa kati ya asubuhi na adhuhuri, tena kwa kiasi. Hesabu hii ndiyo itakayokuambia kesho utakwenda kwa miguu au kwa boti, na muhimu zaidi, utarudi kwa njia gani.

Asubuhi: toka nje kabla hujaingia kazini

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo nilipokuwa nikikosea miaka mingi.

Mdogo wangu anafanya kazi Toronto, Kanada. Desemba kule mchana una saa tisa tu hivi. Anatoka nyumbani gizani, theluji iko magotini, na akitoka kazini jua limeshatua. Aliponieleza mara ya kwanza nilimwonea huruma nikamwambia arudi. Akanijibu kwamba kila asubuhi, akinywa chai, hukaa nusu saa mbele ya taa maalumu yenye mwanga wa luksi 10,000 (luksi ni kipimo cha mwanga), na tangu aanze hivyo mwili wake unaamka. Kisha akaniuliza, "Na wewe kaka, saa moja asubuhi Mei uko wapi?" Nikamwambia niko ndani, dirisha nimelifunga mvua isiingie, nimejifunika shuka. Akasema, "Basi wewe una mchana wa saa 12 mwaka mzima na unaukimbia."

Nilikwenda kusoma habari hizo. Huzuni ya majira ya baridi iliandikwa na daktari Norman Rosenthal na wenzake huko Marekani mwaka 1984. Rosenthal alizaliwa Afrika Kusini, akahamia New York, na majira ya baridi yalipoingia akajiona mwenyewe amepungukiwa nguvu kuliko alivyowahi kuwa kwao. Mwanga wa asubuhi ukiingia machoni hupeleka habari kwenye saa iliyomo ubongoni, ikazuia homoni ya usingizi, melatonini, na mwili ukajua siku imeanza. Ukikosekana, mwili hubaki kama uko usiku.

Sisi wa Lamu, karibu na ikweta, hatuna giza la Toronto, na uzito wetu wa masika sidai kuwa ni ugonjwa huo. Lakini tazama nyumba zetu. Wazee walizijenga kulikimbia jua: kuta nene za matumbawe, madirisha machache, vichochoro vyembamba, mwanga unashuka kwenye kiwanda, ule ua wa ndani, na kufika vyumbani umechoka. Machi, jua likichoma, huo ni uungwana mkubwa wa ujenzi. Mei, wingu likifunga, chumba cha ndani huwa kama pango. Taa ya kawaida ya chumbani hutoa luksi mia moja au mia mbili tatu hivi. Nje, chini ya wingu zito, hupata elfu moja na kuendelea, mara nyingi elfu kadhaa. Jicho huzoea upesi, kwa hivyo huoni tofauti, lakini mwili unaiona.

Kwa hivyo fanya hivi. Ukishaswali alfajiri usirudi chini ya shuka. Ngoja kupambazuke, saa kumi na mbili na kidogo, kisha kaa mahali unapoona mbingu bila kulowa: kwenye daka, ule ukumbi wa mbele ya mlango, chini ya makuti juu ya paa, au mlangoni. Kaa dakika 20 mpaka 30. Chukua chai yako hapo hapo. Usitazame simu, kwa sababu kichwa kikiinama mwanga wa mbingu haufiki machoni vizuri. Baada ya wiki moja ya kufanya hivi niliacha kusinzia saa nne.

Chai ya siku hizo naipika mwenyewe. Tangawizi mbichi kidole kimoja imetwangwa, iliki tatu, kijiti cha mdalasini, na pilipili manga chembe nne au tano zilizopondwa. Vichemke majini kwanza dakika tano, ndipo majani na maziwa. Chakula kiwe cha kati na kati. Mahamri na mbaazi za nazi navipenda kama yeyote, lakini mahamri matano siku ya mvua ni kujilaza kwa hiari. Mawili, au uji wa mtama, kisha nyanyuka.

Njiani

Viatu kwanza. Kandambili ndizo zinazoangusha watu wengi, maana mawe ya vichochoroni yakilowa na kinyesi cha punda huteleza kama yamepakwa mafuta. Vaa viatu vya kanda vyenye soli ya mpira iliyochongwa mistari na mshipi nyuma ya kisigino. Viatu vya kufunika vitashika maji na havitakauka mpaka Juni.

Mwavuli ni wa barabara ya pwani tu. Vichochoro vya ndani miavuli miwili haipishani, na punda aliyebebeshwa mchanga hakupishi hata mmoja. Koti la mvua lenye kofia linafaa zaidi. Pita katikati ya njia, si ukutani, kwa kuwa milizamu ya madarini humwaga kando, na maji ya mlizamu mmoja hulowesha kuliko mvua ya nusu saa.

Kutoka Shela mpaka mjini ni kilomita tatu hivi, dakika 40 kwa miguu. Maji yakiwa yametoka, tembea; kutembea kwenyewe ni dawa, na mwanga unaupata bure. Maji ya bamvua yakiwa juu, kuna sehemu za pwani yanazifunika na kupiga kuta, basi panda boti au zunguka kwa ndani. Ukipanda boti vaa jaketi la kuelea hata kama ni mwendo wa dakika kumi, na ukiona nahodha anasita kwa ajili ya kusi, usimshindilie. Siku moja nilimwambia nahodha mmoja nimechelewa, twende tu. Akanijibu kwa upole, "Kawia ufike, bwana." Tulingoja robo saa, wimbi likatulia. Piga simu kazini useme utachelewa. Hakuna hesabu ya mbao yenye thamani ya roho ya mtu.

Kufika

Kabla ya salamu ndefu na kabla ya kushika kalamu, kauka. Kipupwe chetu ni cha nyuzi 23 au 24, joto ambalo mdogo wangu huliita kiangazi, lakini nguo iliyolowa ikipigwa na upepo wa kusi hunyonya joto la mwili na utatetemeka kutwa. Osha miguu kwa sabuni, maana umepita kwenye maji ya mifereji, futa baina ya vidole, badilisha nguo. Kama una kidonda cha mguu, kifunike kabla hujatoka nyumbani.

Kisha hamisha meza. Meza yangu wakati wa kaskazi iko ndani kabisa, penye kivuli. Masika ikiingia huisogeza mpaka hatua mbili kutoka mlangoni, ubavu wangu wa kushoto ukielekea nje ili mkono wa kuandikia usinitilie kivuli. Mafundi nao husogea, kila mmoja na benchi lake. Inakuwa tumebanana kidogo, na jambo hilo nalo lina faida yake: mtu hawezi kuzama peke yake kwenye kona.

Mpangilio wa kazi

Kazi ya kichwa iwe mwanzo. Mimi hesabu nazimaliza kati ya saa mbili na saa tano, wakati mwanga umekamilika na stima ingalipo. Barua pepe za wateja wa nje nazo naziandika hapo nizitume mara moja. Wateja wa Toronto na New York, wakati huo wa mwaka, wako nyuma yetu kwa saa saba, kwa hivyo ukituma asubuhi wataikuta wakiamka, na jibu utalipata kabla hujafunga.

Baada ya hapo chukua kazi mbili kutoka daftari la mvua, moja ya kukaa na moja ya kusimama. Zisizidi mbili. Ukijipangia saba utamaliza mbili na kurudi nyumbani unahisi umeshindwa, na kesho yake hutalifungua daftari.

Kila saa nyanyuka. Nenda mpaka mlangoni, nyoosha mgongo, tazama mbali, baharini kama panaonekana. Dakika tatu zinatosha.

Mbao, vyuma na mbu

Wasomaji wasio mafundi wanaweza kuipita sehemu hii, ingawa ukiwa na mlango wa mbao nyumbani kwako itakufaa.

Mbao hunywa unyevu wa hewa na kuvimba kwa upana, si kwa urefu. Mlango uliochukuliwa vipimo Februari, hewa ikiwa kavu, utakwama Mei. Kila masika wateja huja wakilalamika. Mara ya kwanza nilimwendea mchongaji mzee wetu, ambaye sote tunamwita Ami, nikamwambia, "Ami, mlango wa yule bwana umekwama, tumtume kijana akaupige randa." Ami hakuinua macho kwenye nakshi yake. "Usiupige randa sasa, mwanangu. Kaskazi ikija utapwaya, na upepo utaingia kama hauna mlango. Mwambie asugue nta ya mshumaa ukingoni, avumilie." Hivyo ndivyo tunavyowaambia wote. Kama hauwezi kufungika kabisa, punguza kidogo mno, kiasi cha unene wa karatasi, kisha paka mafuta ukingoni ili mbao isiendelee kunywa.

Usipake vanishi siku ya mvua. Unyevu huingia ndani yake ikabaki na ukungu mweupe, na itabidi uikwangue yote. Gundi ya maji huchelewa kukauka. Iliyokuwa ikibanwa saa moja, ibane mpaka kesho.

Vyuma: chumvi ya hewa yetu huvuta maji, na patasi iliyoachwa usiku mmoja wa Mei huamka na kutu. Ukimaliza kazi futa kila chombo kwa kitambaa kikavu, kisha kwa kitambaa chenye mafuta mepesi ya mashine. Vitabu vya hesabu visilazwe chini wala visibanane ukutani. Kuvu hupenda penye joto pasipo upepo.

Na mbu. Vifuu vya nazi, makopo ya rangi na mikunjo ya turubai hushika maji, na mbu huhitaji wiki moja hivi kutoka yai mpaka kuruka. Sisi kila Ijumaa asubuhi, kabla ya kujitayarisha kwenda msikitini, tunazunguka na kupindua kila kitu. Yule mbu mwenye madoa meupe miguuni, anayeeneza homa ya dengi, huuma mchana, kwa hivyo chandarua cha usiku peke yake hakitoshi kwa mtu aliyekaa mezani. Vaa suruali ndefu. Wazee wenye birika la maji chooni walifuga visamaki humo ili viluwiluwi vya mbu visipate kukua. Nyumba zilizobakiza desturi hiyo zimefanya vyema.

Adhuhuri

Kula chakula cha moto, kidogo. Ukilala, iwe dakika 20 na uweke kengele ya simu. Ukizidisha, utaamka alasiri na kichwa kizito na usiku utakosa usingizi.

Alasiri ni ya watu

Saa tisa mpaka saa kumi na moja ndio muda mgumu kuliko yote. Mwanga unapungua, mteja haji, na mtu huanza kuhesabu pesa ambazo hazikuingia. Usibaki peke yako wakati huo. Hata kama kazi haijaisha, simama uende barazani. Muuza kahawa akipita na dele lake akigonga vikombe, mwite. Kahawa tungu kikombe kimoja na kipande cha halua, na maneno na watu wawili watatu waliobanana chini ya sitara hiyo hiyo. Nimejifunza mambo mengi ya kazi kwenye baraza hizo za Mei: nani anajenga, nani ataoza binti yake baada ya mfungo na atataka kitanda, nani anauza magogo ya mwembe. Kina dada wenye mabaraza yao ya ndani wanajua hili kuliko sisi. Wanaofanya kazi peke yao nyumbani kwenye kompyuta, na vijana wa hivyo wameongezeka, nawasihi hasa: saa kumi ikifika funga kompyuta, nenda ukamwamkie mtu.

Pesa zenyewe zinataka kusemwa waziwazi. Masika hupunguza mapato ya karibu kila mtu hapa anayeishi kwa wageni. Sisi tulianza kutenga sehemu ya kila oda tangu Desemba mpaka Machi, kwenye akaunti ambayo hatuigusi kabla ya mwezi wa Mei, na fundi hupata posho yake hata wiki ambayo hakuna mlango uliouzwa. Siku ya mvua ambayo mtu anajua watoto watakula haina uzito wa ile ambayo hajui.

Na kuna uzito usiokwisha kwa chai wala kwa baraza. Ukiona wiki mbili zimepita, karibu kila siku huna raha na chochote, hulali au unalala kupita kiasi, chakula hakikuingii, au mawazo ya kujidhuru yanakujia, nenda hospitali ukamwambie daktari kama ambavyo ungemwambia habari ya homa. Mawazo ya kujidhuru yasingoje wiki mbili. Nenda siku hiyo hiyo, na mtu akusindikize. Ukimwona mwenzako wa kazini hivyo, fuatana naye. Si upungufu wa imani, na si uvivu.

Kurudi

Kumbuka hesabu ya jana usiku. Siku za bamvua maji hujaa ule ule wakati wa kufunga kazi, saa kumi au kumi na moja, na kusi alasiri huwa na nguvu. Mimi siku hizo hufunga mapema, saa tisa na nusu, au hukaa mpaka magharibi ipite na maji yaanze kutoka. Kati ya hapo simshauri mtu wa Shela apite pwani na mzigo.

Nyumbani tundika kikoi na shati kwenye upepo, si juu ya mlango wa chumba cha kulala. Wengine hukausha nguo kwa jiko la makaa. Liwe barazani au kwenye kiwanda, penye hewa, na lizimwe kabla ya kulala. Chumba kilichofungwa chenye makaa hujaa kaboni monoksidi. Haina harufu, na mtu akisinzia nayo haamki.

Ukishakula, fungua mkebe, hakikisha karatasi ni kavu. Lifungue daftari la mvua, zipige mstari zile mbili za leo, chagua mbili za kesho, moja iwe na alama ya M.